Faili Mbili za Mzee Chapa

Maiti ilikuwa imekaa kitini, kichwa kimelala mezani, mkono wa kulia bado uko juu ya kibodi. Kando ya mkono kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilikuwa kimejaa, chai imepoa na kufanya utando juu.

Inspekta aliangalia vikombe kwanza, maiti baadaye. Ndivyo alivyozoea, na ndiyo maana wenzake kituoni walimwita Mama Kwanini, kwa siri, wakidhani hajui. Alijua tangu juma la kwanza.

"Kwa nini vikombe viwili?"

Koplo, msaidizi wake, mtu mnene mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kituoni, alifungua kijitabu chake. "Kulikuwa na mgeni, afande. Au yule muuguzi alikaa naye."

"Na kiti?"

Koplo hakuwa amekiona kiti. Upande wa pili wa meza kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto wa kufumwa, kimevutwa nje kidogo, kama mtu anavyomwandalia mwingine akae. Mto haukuwa umebonyea hata kidogo.

"Mgeni gani huyo asiyekunywa wala kukaa?" Inspekta alisema, na hakungoja jibu.

Marehemu alikuwa na miaka sabini na mitatu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Chapa, kwa sababu alifanya kazi ya kupanga kurasa katika kiwanda cha kupiga chapa kwa miaka thelathini na minane, tangu enzi za herufi za chuma mpaka enzi za kompyuta. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka uliofuata ugonjwa wa kusahau ukaanza kumnyemelea. Akawa anaweza kukueleza kitabu alichokipanga ujanani ukurasa kwa ukurasa, lakini hajui kama amekula asubuhi.

Muuguzi aliyemtunza alikuwa amesimama jikoni, mikono ameifumbata tumboni. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, macho mekundu.

"Ulimkuta saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi. Siku nyingine humpitia mama yangu jioni tu, ila Jumamosi ndiyo siku yangu. Natoka saa mbili asubuhi naenda kumwogesha mama yangu na kumpikia, narudi saa tisa. Mama yangu haoni."

"Mzee alikuwa anameza dawa?"

"Ya moyo. Kidonge kimoja kwa siku, baada ya chai ya saa tatu. Figo zake zimechoka, kwa hiyo daktari alisema kimoja, kisizidi."

"Nani alimpa leo?"

"Alimeza mwenyewe. Hakutaka kulishwa dawa kama mtoto. Anafungua Daftari lake, anatazama kama ameshameza. Kama bado, anameza, halafu anaandika. Miaka miwili hajakosea hata siku moja."

Daftari lenyewe ndilo lililokuwa linawaka kwenye kioo cha kompyuta. Vijana huita kitu kile wiki ya binafsi, si wiki ya siku saba: kurasa nyingi za mtu mmoja, zimeunganishwa, unabofya neno hapa unafika kule. Mzee Chapa aliliita Daftari, basi. Kila asubuhi alikaa mbele yake, likamwambia yeye ni nani, nyumba hii ni ya nani, watoto wake wanaitwaje na leo amefanya nini. Lilikuwa akili yake iliyobaki.

Koplo alivuta kiti kingine na kubofya ukurasa ulioandikwa LEO. Ulikuwa mweupe. Akabofya jana, juzi, mwezi uliopita. Kulikuwa na habari za mvua, za paka, za bomba linalovuja. Hakukuwa na kidonge.

"Mama," Koplo alimgeukia muuguzi, "unasema aliandika kila kidonge?"

"Kila kimoja, baba."

"Humu hakuna hata kimoja. Si leo, si mwaka jana."

Muuguzi alisogea, akatazama kioo, akafungua mdomo.

Hapo ndipo mtoto mkubwa wa marehemu alipoingia. Wenyewe walimwita Mkubwa, naye aliuza matairi na alizoea kupiga kelele kushinda mashine za dukani kwake. Alikuwa amelia njia nzima na sasa alitafuta mtu wa kumlaumu.

"Nilijua! Mwezi uliopita alisema mbele yangu kwamba amechoka! Si ulisema? Si ulisema kila asubuhi mzee analia na wewe huwezi tena?"

"Nilisema," muuguzi alijibu polepole. "Nilisema moyo wangu umechoka kumwona."

"Umesikia, afande? Baba alikuwa anaandika hata paka akipiga chafya. Kama hakuandika, hakumeza. Kama hakumeza, basi kuna aliyemmezesha!"

Hoja ilikuwa na mashiko, Inspekta hakuweza kulikataa hilo. Chupa ya vidonge ilihesabiwa mbele ya wote. Muuguzi alikuwa akivihesabu kila jioni na kuandika kwenye karatasi ya ukutani: Ijumaa jioni, ishirini na saba. Sasa vilikuwa ishirini.

Vidonge saba vimeliwa ndani ya siku moja. Muuguzi akapandishwa kwenye gari la polisi. Alichoomba ni kitu kimoja tu, jirani wa mama yake apelekewe habari, maana yule bibi angengoja chakula cha Jumapili mpaka giza.

Jumatatu saa nne, daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu.

"Ni dawa ya moyo. Imejaa kwenye damu. Lakini hakumeza kwa mkupuo. Tumboni kulikuwa na kidonge ambacho hakijayeyuka na vingine vilikuwa vimeshapita zamani. Kidogo kidogo, Inspekta, kuanzia asubuhi mpaka mchana."

"Alipigwa? Alishikwa kwa nguvu?"

"Hana hata mkwaruzo. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri siku hiyo. Amejipaka na mafuta."

Koplo aliona kesi imekamilika. "Alirudi mapema, akakaa naye, akawa anampa kimoja kimoja huku wanakunywa chai. Kile kikombe cha pili ni chake. Shahidi wake ni mama asiyeona, tena anachanganya siku. Na ametudanganya kuhusu Daftari. Mwendesha mashtaka anataka jalada Jumatano asubuhi, afande."

"Alama za vidole kwenye kikombe cha pili?"

Koplo alikohoa. "Za marehemu peke yake."

"Na mto haujabonyea. Kwa nini mtu anyoe ndevu na kujipaka mafuta siku ya kufa?"

"Labda alipenda usafi."

"Labda," alisema Inspekta, na akachukua funguo za nyumba ya marehemu.

Alikaa mbele ya lile Daftari tangu saa sita mpaka saa kumi. Alisoma kuhusu viwanda vya karatasi. Alisoma ukurasa mzima juu ya namna ya kufunga kamba viatu, ambao mzee alijiandikia alipoona mikono inaanza kusahau, na hapo ilibidi asimame kidogo dirishani. Baba yake Inspekta naye alikuwa ameanza kumwita kwa jina la shangazi.

Ukutani, juu ya kompyuta, ilitundikwa picha ya harusi. Bibi harusi alikuwa amemkazia macho mpiga picha kana kwamba amemkuta anaiba. Kulikuwa na picha nyingine sita za mama huyohuyo, mtu mzima, mzee, mgonjwa. Inspekta alizitazama, kisha akatazama kioo. Akaandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia: mke.

Ukurasa mmoja tu ulijitokeza. Ulikuwa unamhusu mke wa jirani, aliyeazima ngazi na asiirudishe.

Akajaribu harusi. Hakuna. Akajaribu msiba. Hakuna. Akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, ule uitwao SOMA KWANZA, ambao mzee aliusoma kila asubuhi. Ulikuwa na sehemu za Mimi ni nani, Nyumba hii, Watoto wangu. Baada ya watoto kulikuwa na nafasi tupu, kisha habari za paka.

"Mtu ameoa miaka arobaini na moja," Inspekta alimwambia paka aliyekuwa anamtazama mlangoni, "ameandika habari za ngazi, hana habari za mkewe. Kwa nini?"

Hakurudi ofisini. Alikwenda moja kwa moja mahabusu.

Muuguzi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alitaka kusimama, Inspekta akamzuia na kuchutama mbele yake.

"Mama, kila asubuhi mzee alikuwa analia nini?"

"Mkewe. Anasoma kwenye Daftari kwamba mkewe amefariki, na kwake ni habari mpya. Kila siku ni habari mpya. Ananiuliza, lini? Mbona hamkuniambia? Analia robo saa, nusu saa. Halafu ananawa uso, anameza dawa, anakuwa sawa."

"Sasa huyo mke hayumo. Daftari zima hayumo."

"Haiwezekani, afande. Amejaa humo."

"Nani mwingine aligusa Daftari?"

Muuguzi alifikiri. "Lina faili mbili. Mzee alinieleza mara nyingi, maana alisahau kwamba alishanieleza. Moja inaitwa Maneno. Hiyo ni yake, kila alichoandika kimo humo. Nyingine ni Mapambo. Hiyo ni ya binti yake, Kitinda, yule fundi wa programu. Rangi, ukubwa wa herufi, vitufe, kipi kionekane wapi, yote ni ya binti. Kompyuta inazichukua zote mbili inazivalisha pamoja, ndiyo unaona Daftari."

"Kwa nini asiweke faili moja yakaisha?"

"Alikuwa mkali kwa hilo! Alisema kiwandani fundi wa kupanga ukurasa hana ruhusa ya kugusa neno la mwenye muswada, wala mwenye muswada hamfundishi fundi kazi. Kila mtu na chake. Binti alikuwa akija anakaa na Mapambo yake tu. Maneno hafungui, hasomi. Alimwapisha kabisa."

"Na binti alitii?"

"Kitinda? Yule alikuwa roho ya baba yake. Angemwambia asipumue angejaribu."

Jumanne asubuhi fundi wa kompyuta wa polisi alitoa nakala ya zile faili mbili, akazifunga za asili kwenye bahasha ya vielelezo. Kisha akafungua Maneno peke yake, bila Mapambo. Haikuwa na rangi wala vitufe. Ilikuwa mistari mitupu ya maandishi, kila ukurasa na tarehe yake, na chini ya kila ukurasa mzee ameweka lebo ya kukumbuka habari hiyo ni ya fungu gani. Paka. Nyumba. Kiwanda. Watoto.

Na moja, iliyojirudia mara mia na mia: Mwenye Nyumba.

"Mwenye nyumba? Si alikuwa na nyumba yake?" Koplo aliuliza.

"Ndilo jina alilomwita mkewe," alisema Inspekta. Alikuwa ameshaanza kusoma. "Koplo, shuka mpaka Jumamosi."

Koplo alishuka. Alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili kwa sauti ndogo, kuanzia wa tatu akanyamaza. Mama Kwanini akamalizia mwenyewe.

*Saa tatu na dakika tano. Nimemeza kidonge cha moyo. Mwenye Nyumba, usinigombeze.*

*Saa tatu na dakika hamsini. Nimemeza kidonge cha moyo. Mwenye Nyumba, usinigombeze. Sikuoni humu ndani, nadhani umetoka kidogo.*

*Saa tano kasorobo. Nimemeza kidonge cha moyo. Mwenye Nyumba, usinigombeze. Nimenyoa ndevu.*

*Saa sita. Nimemeza kidonge cha moyo. Mwenye Nyumba, usinigombeze. Umekawia.*

*Saa saba kasoro dakika kumi. Nimemeza kidonge cha moyo. Mwenye Nyumba, usinigombeze. Nimekutengea kiti.*

*Saa saba na nusu. Nimemeza kidonge cha moyo. Mwenye Nyumba, usinigombeze. Tumbo linanisokota.*

*Saa nane na dakika tano. Moyo unakimbia. Nimemeza kidonge cha moyo. Mwenye Nyumba, chai yako inapoa.*

Chini ya kila kimoja aliweka lebo ileile. Vidonge vyote, miaka miwili ya vidonge, mzee alikuwa ameviandika kwa mkewe, kwa sababu mkewe ndiye aliyekuwa akimsimamia kumeza. Kwake habari ya dawa haikuwa habari ya afya. Ilikuwa habari ya mkewe.

Koplo alitoa kitambaa akajifuta shingo, ingawa hakukuwa na joto. "Aliandika. Muuguzi alisema kweli tupu."

"Aliandika, akarudi kutazama, hakuona kitu. Akameza tena. Fungua Mapambo."

Fundi alifungua. Faili ilibadilishwa mara ya mwisho Ijumaa, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Kilichoongezwa kilikuwa mstari mmoja: kila ukurasa wenye lebo ya Mwenye Nyumba usionekane popote, si kwenye LEO, si kwenye SOMA KWANZA, si kwenye kutafuta. Mbele ya mstari, mwandishi wake aliacha maneno mawili, kama mafundi wa programu wanavyojiandikia sababu ya kazi.

*Asilie tena.*

Binti aliletwa saa nane mchana. Mkubwa alikuja naye, akabaki kwenye benchi la nje. Kitinda alikuwa na miaka thelathini na moja, amevaa shati la baba yake lililomzidi mabegani. Koplo alikaa na kalamu. Inspekta alikaa na bahasha ya kaki ambayo hakuifungua.

"Pole sana kwa msiba."

"Asante, afande."

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwa baba. Nilipitia baada ya kazi."

"Uligusa Daftari?"

"Niligusa Mapambo."

"Maneno je?"

"Sijawahi kuyafungua. Tangu nimtengenezee, sijawahi."

"Kwa nini?"

"Aliniapisha. Alisema Maneno ni yake na Mungu wake."

"Mapambo uliyafanya nini?"

Kitinda alitazama mikono yake. "Nilimficha mama."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akamwashiria aendelee.

"Eleza."

"Alhamisi nililala kwake. Asubuhi nikamsikia. Nilidhani ameanguka. Nikakimbia, nikamkuta mbele ya kompyuta, analia kama... Afande, siku ya msiba wenyewe hakulia vile. Aliniangalia akasema, Kitinda, mama yako amefariki, unajua? Yeye ndiye ananipa taarifa! Nikamwambia najua baba. Akasema, wewe ulijua, mbona mlinificha?" Alikunja mkono wa lile shati. "Nikamuuliza muuguzi, hii hutokea mara ngapi? Akaniambia, kila siku. Miaka miwili, kila siku, na mimi nakuja jioni namkuta anacheka."

"Ukaamua."

"Nilienda kazini sikufanya lolote. Niliwaza kufuta ule ukurasa. Lakini kufuta ni kuingia kwenye Maneno, na kuingia ni kuvunja kiapo. Sikutaka kufuta hata neno moja la baba. Nikasema nitatumia upande wangu. Najua pale kuna lebo ya mama, kwa sababu lebo zinapita kwenye Mapambo, nilizipa rangi mimi mwenyewe. Nikaweka mstari mmoja. Maneno yamebaki yote, ila yeye hayaoni. Niliona ni usafi. Niliona hata yeye, kama fundi, angenisifu."

"Ulimwambia muuguzi?"

"Hapana. Niliona aibu. Ni mama yangu mzazi, afande, nimemfuta machoni pa mume wake."

"Ulijua ni kurasa gani zenye lebo hiyo?"

"Za mama. Harusi, ugonjwa, mazishi. Nyingine zipi?"

Inspekta alikuwa amehoji wezi, wauaji na mwanamume mmoja aliyemzika kaka yake chini ya banda la kuku, na hajawahi kuichukia kazi yake kama alivyoichukia dakika ile. Lakini kule mahabusu kulikuwa na mama wa watu, na mahali fulani kulikuwa na bibi asiyeona anayengoja kuogeshwa. Akafungua bahasha, akasukuma karatasi mezani.

Kitinda alisoma. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alipofika mwisho akarudi juu, akaanza upya, kidole kikifuata saa: tatu na dakika tano, tatu na dakika hamsini.

"Hii lebo," alisema. "Kwa nini ameweka hii lebo kwenye dawa?"

"Mama yako ndiye aliyekuwa anampa."

"Najua alikuwa anampa! Lakini..." Uso wake ulibadilika polepole, na Inspekta akajua amefika.

"Angekiona cha kwanza tu," alisema Kitinda. "Kimoja tu, afande. Angekiona kimoja asingemeza cha pili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sema kwa maneno yako. Lazima yaandikwe."

"Mimi ndiye niliyemuua baba yangu. Niandikie hivyo. Nilitaka asilie. Sikuwa na sababu nyingine. Muuguzi hana kosa, mfungulieni." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Siku ile alilia?"

"Hapana. Alinyoa ndevu. Alijipaka mafuta, akamwekea mama yako chai, akamngoja."

Sijui kama Inspekta alifikiri hilo litakuwa faraja. Kitinda alilaza kichwa mezani vilevile kama baba yake alivyokutwa, na kilio chake kikamfanya Mkubwa ausukume mlango na kuingia bila ruhusa. Koplo hakumzuia.

Alipotulia aliomba jambo moja. Aliomba auondoe ule mstari. Inspekta alimwita fundi na ile nakala, faili ya asili ikabaki kwenye bahasha yake. Kitinda aliufuta kwa mkono wake, neno kwa neno, mpaka na yale mawili ya mbele.

Daftari likajaa. Harusi ikarudi, magomvi ya kuchagua rangi ya mapazia yakarudi, hospitali ikarudi. LEO ya Jumamosi ikaonyesha vidonge saba, kimoja chini ya kingine. Na kwenye SOMA KWANZA, kati ya watoto na paka, ile nafasi tupu ikajazwa na sehemu iliyoitwa Mke wangu. Tarehe yake ilikuwa ya miaka miwili nyuma, mzee alipokuwa bado anajua kinachomjia.

Kitinda alimtazama Inspekta. "Siruhusiwi kusoma."

"Nitasoma mimi," alisema Inspekta, na akasoma.

*Kaa chini kwanza. Mwenye Nyumba amefariki. Ulikuwapo, ulimshika mkono mpaka mwisho. Sasa utalia. Watoto wakikuona unalia watataka kukuficha, maana wana huruma, hasa yule mdogo. Wasikufiche. Afadhali nimlilie kila siku kuliko nimngoje kila siku. Ukimaliza kulia, nawa uso, meza kidonge kimoja, uandike, umwambie asikugombeze.*

Mkubwa aliyeuza matairi, aliyejua kupiga kelele kushinda mashine, alimshika mdogo wake begani, akabaki amesimama hivyo.

Maelezo yalitiwa sahihi saa kumi na moja. Inspekta alimweleza Kitinda kwamba jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka kama kifo kilichosababishwa bila kukusudia, na kwamba atalala nyumbani kwa dhamana ya kaka yake. Sidhani kama alisikia hata nusu.

Muuguzi alitolewa mahabusu saa hiyohiyo, na kwa kuwa kituo kile kina mlango mmoja, walikutana kwenye baraza. Mkubwa alianza kusema kitu cha kuomba radhi, lakini mdogo wake alimwahi. Kitinda alipiga magoti pale sakafuni, mbele ya askari na watu waliokuja na mashauri yao.

"Nisamehe, mama. Umelala ndani siku tatu kwa ajili yangu. Nilimficha mama ili baba asilie, nikaficha na dawa. Sikujua."

Muuguzi alikuwa ameshasimuliwa yote na Koplo, ambaye hakuweza kuyashika moyoni. Alimwinamia yule binti, akamshika mikono yote miwili, akamwinua.

"Simama, mwanangu. Miaka miwili nimemsikia akilia kila asubuhi. Ningejua kuandika huo mstari wako, ningekutangulia."

Akamfuta uso kwa kanga yake, akamkabidhi kwa kaka yake, kisha akamuuliza Inspekta kama kuna gari la kumpeleka kwa mama yake, maana hajaogeshwa tangu Jumamosi.